Hoja dhidi ya utoaji mimba na utafiti wa viinitete: zipi zinasimama, zipi zinatuangusha

Mizani (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za utoaji mimba huishia kwenye laana kabla hoja hazijapimwa. Naomba huu uwe tofauti. Mimi napinga utoaji mimba na napinga kuharibu viinitete (mimba za siku na wiki za kwanza kabisa) maabara. Lakini upande wetu umebeba hoja nyingi mbovu, na hoja mbovu humdhuru anayeitetea kuliko anayeipinga. Tuanze na za kuacha.

"Kina DNA ya binadamu." Kweli, lakini hata seli ya ngozi inayobanduka ukijikuna ina DNA ya binadamu. Ukisimama hapo utaulizwa kama kujikuna ni mauaji, na hutakuwa na jibu.

"Moyo unapiga." Mapigo ya kwanza huanza kwenye siku ya 22 hivi tangu kutungwa. Ukiufanya moyo kuwa kipimo, umeshaziachia wiki tatu za mwanzo, na viinitete vyote vya maabara vimo humo. Tena mgonjwa aliyekufa ubongo, moyo wake unaweza kuendelea kupiga kwa msaada wa mashine, na bado madaktari wakamtangaza kuwa amefariki.

"Anaweza kuja kuwa mtu." Hii ndiyo inayotuumiza zaidi. Mrithi wa kiti si sultani, hapewi leo haki za kesho. Anayesema kiinitete ni mtu mtarajiwa ameshakubali kwamba kwa sasa si mtu.

Hoja ya kubaki nayo ina ngazi tatu. Ya kwanza ni ya baiolojia: kiinitete ni kiumbe hai kizima cha jamii ya binadamu, kichanga sana, ila kizima. Ya pili ni ya maadili: kila binadamu asiye na hatia ana haki ya kutouawa kwa sababu ya alivyo, hata kama leo hawezi kufikiri, kusema wala kujitegemea. Ya tatu ni ya sheria: dola ina wajibu wa kuilinda haki hiyo sawasawa kwa wote. Anayetaka kuibomoa hoja lazima ang'oe ngazi mojawapo, na anayeitetea lazima ajue anatetea ngazi ipi kwa wakati gani. Mabishano mengi yanapotea kwa sababu mmoja yuko ngazi ya kwanza na mwenzake anamjibu kutoka ya tatu.

Mkunga wa Zamu

Mkuu Mizani, nashika ngazi ya kwanza.

Mbegu ya kiume ikishaungana na yai, mawimbi ya kalsiamu yanasambaa ndani ya yai. Ganda la nje linabadilika na kuzifungia nje mbegu nyingine. Yai lilikuwa limesimama katikati ya mgawanyiko wake wa mwisho. Sasa linaumalizia na kutoa nje seti ya kromosomu isiyohitajika. Viini viwili, kila kimoja na kromosomu 23, vinasogeleana, na baada ya takriban siku moja mgawanyiko wa kwanza wa seli unafanyika. Siku ya tatu kuna seli 8 hivi. Ni kati ya seli 4 na 8 ndipo vinasaba vya kiinitete chenyewe vinapoanza kutoa amri. Kabla ya hapo kinatumia akiba iliyowekwa ndani ya yai la mama. Siku ya tano ni blastosisti: mpira wenye uwazi ndani, tabaka la nje litakalotengeneza kondo, na kundi la seli za ndani litakalotengeneza mwili. Siku ya 6 au ya 7 kinaanza kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba.

Tofauti na seli ya ngozi iko hapa: seli ya ngozi inatumikia mwili ambao yenyewe ni sehemu yake. Kiinitete hakitumikii mwili mwingine. Kinajigawa, kinajipanga na kujirekebisha kwa ajili ya uzima wake chenyewe. Ukitoa seli moja kwenye kiinitete cha seli nane, mara nyingi zilizobaki hujipanga upya na kuendelea. Hiyo ni kazi ya kiumbe.

Tahadhari moja kwa wenzangu: si kila kinachotokana na mbegu kuingia kwenye yai ni kiinitete. Mimba zabibu iliyo kamili hutokea pale yai lisilo na kiini linapopata kromosomu za baba peke yake, mara nyingi seti moja iliyojirudufu. Kromosomu ni 46, idadi imetimia, lakini hakuna mpangilio wa mwili, kuna tishu za kondo zilizovimba tu. Kuisafisha si kutoa mimba kwa maana tunayoipinga, na anayeichelewesha kwa jina la dini anamweka mama kwenye hatari ya kutoka damu nyingi na hata saratani.

Na tafadhali hesabuni umri vizuri. Kliniki huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo "wiki 6" za kliniki ni kama wiki 4 tangu kutungwa. Nimeona sheria na mabango yanayochanganya hesabu hizi mbili, na kosa la wiki mbili hapo mwanzoni ni kosa kubwa.

Jicho la Mbali

Mmeanza kiungwana, nami nitajibu kiungwana. Siko upande wenu.

Kwanza, mapacha. Hadi kama siku ya 14 kiinitete kimoja kinaweza kugawanyika kuwa wawili. Kitu kinachoweza kuwa wawili hakijawa mtu mmoja. Ndiyo maana kamati ya Warnock nchini Uingereza, iliyoundwa na serikali kuchunguza urutubishaji wa maabara, mwaka 1984 ilipendekeza utafiti uishie siku ya 14: ndipo mstari wa awali, dalili ya kwanza ya umbo la mwili, unapojitokeza na mlango wa mapacha unapofungwa.

Pili, vifo vya asili. Sehemu kubwa ya viinitete haifiki hata kujishikiza, na mimba zilizokwisha kutambuliwa huharibika kwa asilimia 10 hadi 20. Kama kila kimoja ni binadamu kamili, basi hili ni janga kuu kuliko maradhi yote, na sijaona mnalilia wala kulichangia fedha.

Mkunga wa Zamu

Ndugu Jicho la Mbali, maswali hayo ni ya haki.

La mapacha: mnyoo wa planaria ukimkata vipande viwili, kila kipande kinakuwa mnyoo mzima. Hakuna anayesema kabla ya kisu hapakuwa na mnyoo. Uwezo wa kugawanyika unaonyesha tu kwamba kiumbe kimoja kinaweza kuwa chanzo cha kingine. Kumbuka pia mapacha wa kufanana ni kama 3 hadi 4 kwa kila uzazi 1,000, kwa hiyo karibu viinitete vyote vinavyozaliwa vilikuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mpaka wa siku 14 ulikuwa mapatano ya watu waliotaka utafiti uendelee na umma utulie. Na mapatano yana tabia ya kuhama: mwaka 2016 maabara zilifanikiwa kukuza viinitete hadi siku ya 12 na 13, na mwaka 2021 chama cha kimataifa cha watafiti wa seli shina (seli zinazoweza kugeuka kuwa aina nyingine za seli za mwili) kikaondoa siku 14 kwenye orodha yake ya makatazo. Kwa miaka mingi kabla ya hapo hakuna aliyeweza kufika karibu na mpaka ule, kwa hiyo haukumzuia mtu. Ulipoanza kumzuia mtu, ndipo ulipoanza kulegezwa.

La vifo: zipo nyakati ambapo watoto wengi walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na wingi wa vifo haukuwafanya kuwa nusu binadamu. Asili kuua hakumpi mtu ruhusa ya kuua. Lakini sehemu ya pili ya swali lako inatugusa, na siikwepi. Anayesema kiinitete ni mwenzetu alipaswa kuwa mstari wa mbele kudai utafiti wa mimba zinazoharibika mfululizo, na kumfariji mama aliyepoteza mimba ya wiki tano kama mfiwa. Hapo tumezembea.

Mizani

Sasa ngazi ya pili, kwa sababu wapinzani makini wengi hukubali ya kwanza na kusema: sawa, ni binadamu kibaiolojia, ila si "mtu".

Muulizeni kinachomfanya kuwa mtu. Akijibu uwezo wa kuishi nje ya tumbo, kipimo hicho kinategemea mashine za hospitali: sheria ya England ya mwaka 1929 ilikiweka kwenye wiki 28, ya mwaka 1990 ikakishusha hadi 24, na leo wako wanaookolewa wakiwa na wiki 22. Mtoto hakubadilika, mashine ndizo zilizobadilika. Akijibu fahamu, basi aliye chini ya dawa ya usingizi hana fahamu kwa saa ile. Atasema huyo alikwisha kuwa nayo na atairudia. Vema, mtoto aliyezaliwa jana hajawahi kuwa na kujitambua kunakozungumzwa, na kuna wanyama wazima wanaomzidi. Mwanafalsafa Michael Tooley, mwaka 1972, aliifuata hoja hiyo hadi mwisho na kukubali kwamba mtoto mchanga pia hana haki kamili ya kuishi. Sikubaliani naye hata kidogo, lakini aliona kwa usahihi njia ile inakoelekea.

Shida ya vipimo vyote hivi ni kwamba vinakuja kwa viwango. Akili, nguvu, fahamu: fulani anazo zaidi, fulani pungufu. Haki ikikaa juu ya kitu chenye viwango, usawa wa binadamu unaanguka. Kitu pekee ambacho watu wote wanacho sawasawa ni kuwa binadamu.

Ipo pia hoja ya mwanafalsafa Don Marquis ya mwaka 1989, na inafaa kwa asiyeamini roho: ubaya wa kuua ni kumnyang'anya aliyeuawa mustakabali wote ambao ungekuwa wake. Kijusi kina mustakabali huo, tena mrefu kuliko wangu na wako. Huuliza watu, je, mbegu na yai navyo havina? Kabla ya kuungana ni vitu viwili, na hakuna kimoja ambacho maisha hayo yangekuwa yake. Hata hivyo itumieni kama boriti ya kusaidia tu. Ukiifanya nguzo, kumuua mzee wa miaka 90 kunaonekana kosa dogo kuliko kumuua kijana, na hilo hatulitaki.

Kuhusu hoja ya tahadhari, ile ya "kama huna hakika, usiue": inafanya kazi pale shaka inapokuwa ya jambo lenyewe. Anayetaka kufukia kisima na hajui kama kuna mtu ndani lazima achungulie kwanza. Lakini mwenzetu anayepinga hajashindwa kuona kilichomo kisimani. Anabishana nasi juu ya thamani yake. Kwake tahadhari peke yake haitoshi, inabidi ajibiwe kwa hoja.

Jicho la Mbali

Nikubalieni niwape ngazi mbili bure. Tuseme kijusi ni mtu kamili. Mwanafalsafa Judith Jarvis Thomson aliandika mwaka 1971: umeamka umefungwa mirija kwenye mwili wa mpiga fidla maarufu, figo zako zinasafisha damu yake, ukijitoa kabla ya miezi tisa anakufa. Ni mtu, ana haki ya kuishi, lakini hana haki ya kuutumia mwili wako. Na sheria inalijua hilo: mwaka 1978 mahakama huko Pennsylvania ilikataa kumlazimisha mtu atoe uboho kumwokoa binamu yake aliyekuwa anakufa. Kwa nini mwanamke alazimishwe kutoa zaidi ya hapo?

Mizani

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za upande wenu, na wenzangu wanaoikejeli hawajaielewa. Uzito wa mimba ni wa mwanamke, mwilini mwake, na hakuna mwanamume anayeubeba. Lazima tuanze kwa kukiri hilo.

Majibu yapo matatu, hayana nguvu sawa. La kwanza ni kuridhia: aliyefanya tendo alijua matokeo. Ni dhaifu, kwa sababu halimgusi aliyebakwa, na kujua hatari ya jambo si kuiridhia. Likitumiwa ovyo linageuza mtoto kuwa adhabu.

La pili ni uhusiano. Mpiga fidla ni mgeni. Kijusi ni mwana. Mzazi ana wajibu asioutia saini: hawezi kumwacha mtoto mchanga njaani kwa kusema kumlisha kunatumia mwili wake. Mgonjwa wa Pennsylvania alikuwa anamdai binamu, si mzazi wake. Jibu hili ni zito, ingawa mpinzani atauliza kama wajibu wa mzazi unafika ndani ya viungo vyake.

La tatu ndilo ninalolitegemea: tofauti ya kukataa kusaidia na kuua. Mwenye uboho alikataa kutoa. Maradhi ndiyo yaliyoua. Katika utoaji mimba wa upasuaji, kitendo chenyewe kinaangukia mwili wa kijusi. Mtanijibu kwa vidonge: mifepristone huzuia homoni ya projesteroni, utando wa mji wa mimba unaporomoka na kiinitete kinakosa mahali pa kushika. Je, hapo ni kuua au ni kujitoa? Tofauti ya njia ipo, nakiri. Lakini lengo linabaki lile lile: mimba iishe bila mtoto kubaki. Ndiyo maana mtoto akitoka hai husemwa kwamba imeshindikana. Aliyejichomoa kwa mpiga fidla angefurahi kama angesikia amepona.

Ibara

Niingie kwa upande wa sheria, kwa sababu watetezi wetu hunukuu mikataba kwa haraka na kuaibika mahakamani.

Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema watu wote *wamezaliwa* huru. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja ulinzi "kabla na baada ya kuzaliwa", lakini maneno hayo yako kwenye utangulizi. Ibara ya 1 imeacha wazi utoto unaanza lini, na iliachwa wazi kwa makusudi ili nchi zote ziweze kutia saini. Chenye nguvu zaidi, na watu wanakisahau, ni ibara ya 6(5) ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966: adhabu ya kifo haitekelezwi kwa mwanamke mjamzito. Kama anayeadhibiwa ni yeye peke yake, mimba yake inasitisha adhabu kwa ajili ya nani? Wapo wanaojibu kwamba ni huruma kwa mama, ila huruma hiyo haimfikii asiye na mimba.

Mkataba wa Haki za Binadamu wa nchi za Amerika, wa mwaka 1969, ibara ya 4(1), unalinda uhai "kwa jumla, tangu kutungwa". Tulidhani hapo tumefika. Mwaka 2012, katika kesi ya Artavia Murillo dhidi ya Costa Rica iliyohusu urutubishaji wa maabara, Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilisema kutungwa maana yake ni kujishikiza kwenye mji wa mimba, na kwamba ulinzi unakua hatua kwa hatua. Hukumu ile naiona dhaifu, kwa sababu maneno yaliandikwa 1969, kabla urutubishaji wa maabara haujaanza kutumika kama tiba, kwa hiyo wakati huo hakukuwa na kilichoilazimisha tafsiri hiyo. Lakini ndiyo hukumu, na wakili asiyeitaja atatajiwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo, katika kesi ya Vo dhidi ya Ufaransa mwaka 2004, iliziachia nchi zenyewe zijibu uhai unaolindwa unaanza lini.

Kwa hiyo uwanja wetu halisi ni katiba za nchi. Mfano bora ni Ujerumani. Mahakama ya Katiba, mwaka 1975 na tena 1993, ilisema ambaye hajazaliwa ana haki ya kuishi na utu, hata dhidi ya mama yake. Wakati huohuo hukumu ya 1993 iliruhusu sheria isimwadhibu mwanamke anayetoa mimba ndani ya wiki 12 tangu kutungwa baada ya kupata ushauri rasmi na kusubiri siku 3. Kitendo ni kinyume cha sheria, lakini hakina adhabu. Wengine wanaona ni unafiki, mimi naona walitofautisha vizuri swali la "je, ni haki?" na swali la "je, gereza litasaidia?". Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 26, inasema uhai wa mtu unaanza kutungwa, kisha inaweka nafasi za dharura na hatari kwa uhai au afya ya mama kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa. Kifungu kimoja, kanuni na nafasi zake pamoja.

Na hukumu ya Dobbs ya Marekani, mwaka 2022, haikusema kijusi ni mtu. Ilisema tu kwamba katiba yao haina haki ya kutoa mimba, na suala lirudi kwa wawakilishi wa wananchi. Msiinukuu zaidi ya ilichosema.

Bint Salim

Assalaam alaykum. Naona fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, imerukwa, na wengi huitumia kimakosa.

Hadithi ya Ibn Mas'ud inataja vipindi vitatu vya siku 40, kisha roho kupulizwa: ndiyo siku 120. Watu wanaichukua kama ruhusa ya miezi minne. Sivyo. Baada ya 120 wanazuoni wamekubaliana kwamba ni haramu isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Kabla ya hapo wanatofautiana: baadhi ya wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi waliruhusu kwa udhuru, na kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Maliki inakataza hata kabla ya siku 40. Imam al-Ghazali alisema ni jinai tangu mwanzo, na inazidi ubaya kila hatua. Hoja yake haikuhitaji roho iwe imeshaingia: kilichopo tayari kina heshima yake.

Fiqhi ina pia ghurra, fidia anayotoa aliyesababisha mimba kutoka: thamani ya ngamia 5, wakati dia kamili, fidia ya kuua mtu, ni ngamia 100. Wapo wanaosema udogo wa fidia unathibitisha si mtu kamili. Lakini fidia ile inarithiwa na warithi wa kijusi, na mhalifu hapati urithi huo hata akiwa mzazi. Kitu kisicho na hadhi yoyote hakirithiwi.

Kuhusu maabara, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1990 lilielekeza yarutubishwe mayai ya kutosha upandikizaji tu, na kikibaki chochote kiachwe bila huduma hadi kiishe chenyewe. Yaani ziada isitengenezwe kwanza.

Mkunga wa Zamu

Dada Bint Salim amegusa mzizi wa utafiti wa viinitete, ambao ni ziada.

Ili kupata seli shina, blastosisti ya siku ya 5 au ya 6 huvuliwa ganda lake, tabaka la nje linaharibiwa (zamani kwa kingamwili, siku hizi hata kwa leza), kisha seli za ndani zinahamishiwa kwenye sahani. Kiinitete kinaishia hapo. Mwaka 1998 kikundi cha James Thomson huko Wisconsin kilianza na viinitete 36 vilivyotolewa na wazazi. 20 vilifika blastosisti, 14 vikatolewa seli za ndani, na koo za seli zilizopatikana ni 5. Ni vizuri kuijua hesabu hiyo pale mtu anaposema "seli chache tu".

Mwaka 2006 mtafiti Shinya Yamanaka alionyesha kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya mwili inaweza kurudishwa kwenye hali ya seli shina kwa vinasaba vinne. Mwaka 2014 mgonjwa wa macho nchini Japani alipandikizwa seli za namna hiyo. Tusizidishe: kimojawapo cha vinne vile, c-Myc, kinahusiana na saratani na njia imebidi irekebishwe, na watafiti walizipima seli mpya kwa kuzilinganisha na zile za viinitete. Tena utafiti mwingine, kama wa kuhariri vinasaba au kuboresha urutubishaji wa maabara, hauwezi kubadilishiwa seli hizi. Kwa hiyo hoja yetu isikae juu ya "kuna njia mbadala". Kesho ikikosekana njia mbadala, je, itakuwa halali?

Jicho la Mbali

Viinitete vya ziada vimegandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Wazazi hawavitaki tena. Vitayeyushwa na kumwagwa. Kwa nini visisaidie wagonjwa?

Ibara

Kwa sababu kufa karibu hakumfanyi mtu kuwa malighafi. Aliyehukumiwa kunyongwa kesho hachukuliwi figo leo bila ridhaa yake. Kukiacha kife kile ambacho huna namna ya kukiokoa ni jambo moja. Kukipasua ili ukitumie ni jingine.

Sheria zimejaribu kuzuia ziada, na inafaa kujua wapi zilikwama. Italia, kwa sheria namba 40 ya mwaka 2004, ilitaka visitengenezwe zaidi ya viinitete vitatu na vyote vipandikizwe kwa mkupuo, bila kugandishwa. Nia ilikuwa njema, utekelezaji ukaumiza: aliyeshindwa mara ya kwanza ilibidi achomwe tena homoni za kukomaza mayai, na aliyefanikiwa aliweza kubeba watatu kwa pamoja. Mahakama ya Katiba ikaiondoa idadi hiyo mwaka 2009. Leo mayai yenyewe yanagandishwa vizuri kabla ya kurutubishwa, kwa hiyo unaweza kurutubisha moja au mawili na kuyatunza mengine bila kumweka mtu yeyote kwenye barafu. Sheria ingeandikwa hivyo, isingemwadhibu mama.

Hata Ulaya isiyotukubali imeweka vizingiti. Mkataba wa Oviedo wa mwaka 1997, wa Baraza la Ulaya kuhusu haki za binadamu na tiba, ibara ya 18, unakataza kutengeneza viinitete kwa ajili ya utafiti. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kesi ya Brüstle mwaka 2011, ilikataza hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) kwa uvumbuzi unaohitaji kuharibu kiinitete. Na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika Parrillo dhidi ya Italia, mwaka 2015, ilikuwa na kesi ambayo mwanamke aliyetaka kutoa viinitete vyake kwa utafiti aliambiwa haviwezi kuhesabiwa kuwa mali. Hawakusema ni watu, lakini walikataa kusema ni vitu.

Jicho la Mbali

Mnaongea vizuri juu ya viinitete. Sasa niambieni juu ya wanawake. Ireland, mwaka 2012: mjamzito wa wiki 17, mimba inaharibika, ameomba imalizwe, ameambiwa moyo wa kijusi bado unapiga. Amekufa kwa sumu ya vijidudu kwenye damu. El Salvador, chini ya katazo la moja kwa moja, wanawake waliopoteza mimba wamefungwa kama wauaji, hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikaitia nchi hiyo hatiani mwaka 2021. Hayo ndiyo matunda ya hoja zenu zikigeuka sheria.

Mkunga wa Zamu

Kifo kile hakikupaswa kutokea, na siwezi kukitetea. Chupa ikipasuka mapema na vijidudu vikaingia mji wa mimba, chanzo cha sumu kiko ndani ya mji wa mimba. Dawa za vijidudu peke yake hazitoshi. Lazima kilichomo kitoke. Kusubiri moyo ukome ni kumsubirisha mama wakati kila saa ina thamani, na mtoto wa wiki 17 haokolewi kwa kusubiri. Kuanzisha uchungu hapo ni tiba ya mama. Kifo cha mtoto kinaonekana mbele, hakitafutwi.

Mimba iliyotunga nje ya kizazi ni vivyo hivyo. Zaidi ya asilimia 90 ya hizo hukaa kwenye mrija, na mrija ukipasuka mama anavuja damu tumboni hadi kufa. Kuukata mrija uliokwisha kuharibika kunakubaliwa na karibu wote wa upande wetu. Juu ya dawa ya methotrexate bado tunabishana wenyewe, kwa sababu inashambulia seli zinazoshikiza kiinitete moja kwa moja. Mimi nasema ni halali: seli hizo zinautoboa mrija, na kuzizuia ni kuzuia madhara. Wapo wanaokataa, na nawaheshimu, ila ubishi wao usiingizwe kwenye sheria ya jinai.

Ibara

Ndugu Jicho la Mbali, kasoro ya Ireland ilikuwa ya maandishi. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1983 yalisawazisha haki ya mama na ya mtoto, mwaka 1992 mahakama ikaweka kipimo cha "hatari ya kweli na kubwa" kwa maisha, kisha Bunge halikutunga sheria ya kukifafanua hadi 2013. Daktari alibaki wodini akijiuliza hatari ni kubwa kiasi gani kabla hajashtakiwa.

Anayeandika sheria ya kulinda wasiozaliwa aandike mambo haya kwa maneno ya wazi. Mimba nje ya kizazi, mimba zabibu, kusafisha mimba iliyokwisha kuharibika na kuanzisha uchungu kwa maambukizi si utoaji mimba. Zitajwe kwa majina. Kipimo kiwe uamuzi wa kitabibu uliofanywa kwa nia njema, na mwendesha mashtaka ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha nia mbaya. Hatari isisubiriwe iwe "ya papo hapo". Adhabu imlenge anayefanya biashara ya kutoa mimba, isimguse mwanamke: kitabibu, mimba iliyotoka yenyewe na iliyotolewa kwa vidonge mara nyingi hazitofautishiki, kwa hiyo ukimshtaki mwanamke utamfunga mfiwa. Na mhudumu wa afya asilazimishwe kumripoti mgonjwa wake, la sivyo wenye kutoka damu watajificha majumbani.

Jicho la Mbali

Hiyo ya kutomshtaki mwanamke haiendani na ngazi yenu ya pili. Kama ni binadamu sawa na wengine, kwa nini aliyeagiza auawe aachwe?

Ibara

Sheria hupima kosa na pia hupima mkosaji. Nchi nyingi zina kosa la mama kuua mtoto wake mchanga, lenye adhabu ndogo kuliko mauaji ya kawaida, na hakuna anayesema mtoto mchanga si mtu. Mwanamke aliyeachwa na mwanamume, aliyetishwa na familia, mwenye siku chache za kuamua, hayuko sawa na mwenye duka la vidonge anayehesabu faida. Sikubali kwamba kumwonea huruma wa kwanza kunapunguza thamani ya mtoto. Ila nakiri swali lako linatubana zaidi pale ambapo mwanamke hana shinikizo lolote na amejua kila kitu. Hapo jibu langu ni lile la ushahidi nililotaja juu: sioni namna ya kumpata huyo mmoja bila kuwasumbua wafiwa wengi.